Deni la Uaskari: Maisha ya Mahjub bin Adam Mohamed (Bayume Mohamed Husen) na Mafungamano Yake na Jeshi la Kikoloni la Ujerumani, 1904–1944

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maisha ya Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alilitumikia jeshi la kikoloni la Ujerumani akiwa mtoto katika Vita Kuu ya Kwanza, akahamia Berlin mwaka 1929 na kufariki dunia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen mwaka 1944. Kwa miaka mingi mafungamano ya askari wa aina yake na kikosi chao yameelezwa kuwa ni utiifu wa moyo. Makala yanadai kwamba kwa Husen mafungamano hayo yalikuwa madai ya haki: utumishi uliokwisha kutolewa ambao mwajiri hakuukamilishia malipo. Mshahara, nishani, kazi na hata ombi la kupigana tena ni hatua za dai moja. Dola ya Ujerumani ilikubali kuitumia sura yake ya uaskari, lakini haikukubali kuwa inadaiwa.

1.0 Utangulizi

Historia ya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki imeandikwa kwa muda mrefu kwa kumzunguka Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck. Kitabu chake cha mwaka 1920, Heia Safari!, na maandishi mengine ya wakati huo yalijenga taswira ya askari mwaminifu: Mwafrika aliyemfuata kamanda wake kwa miaka minne bila kuuliza analipwa nini. Taswira hiyo ilikuwa na kazi ya kisiasa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliinyang'anya Ujerumani makoloni yake, na miongoni mwa sababu zilizotolewa na washindi ni kwamba Wajerumani walishindwa kuwatawala Waafrika kwa haki. Waliotaka makoloni yarudishwe walimtumia askari mwaminifu kama shahidi wao. Walisema kwamba utawala uliopendwa na askari wake haungeweza kuwa mbaya.

Shahidi huyo alizungumziwa sana, lakini mara chache alipewa nafasi ya kuzungumza. Ndiyo maana maisha ya Husen yana umuhimu wa kipekee. Yeye ni miongoni mwa askari wachache wa Afrika Mashariki ya Kijerumani waliokwenda wenyewe hadi katika ofisi za Berlin na kuziambia kwamba zinadaiwa. Maombi yake na majibu aliyopewa yameacha mfululizo wa kumbukumbu za kiofisi unaowezesha kupima maneno ya dola kwa matendo yake.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: mafungamano ya Husen na kikosi chake yalikuwa ya namna gani, na kwa nini yaliendelea kuwa na nguvu katika maisha yake kwa zaidi ya miongo miwili baada ya kikosi chenyewe kutoweka?

2.0 Vyanzo na Mkabala

Utafiti wa kina kuhusu maisha ya Husen ni wa Marianne Bechhaus-Gerst, aliyechapisha wasifu wake kwa Kijerumani mwaka 2007. Kuhusu askari kwa jumla, kazi ya Michelle Moyd ya mwaka 2014 imebadilisha mwelekeo wa mjadala. Moyd anaonesha kwamba askari wa jeshi la kikoloni la Ujerumani, lililojulikana kama Schutztruppe, walikuwa watu waliotafuta heshima, mali na kaya kubwa kupitia kazi ya kijeshi, na kwamba utiifu wao ulitegemea kupatikana kwa vitu hivyo. Makala haya yanachukua hoja ya Moyd, ambayo inahusu zaidi kipindi cha kabla ya mwisho wa vita, na kuifuatilia katika maisha ya mtu mmoja baada ya jeshi kuvunjwa.

Mkabala unaotumika ni dhana ya uchumi wa kimaadili, kama ilivyoanzishwa na E. P. Thompson (1971) na kuendelezwa na James Scott (1976). Kwa mujibu wa dhana hii, wanyonge wanapodai kitu kwa wenye nguvu hudai kwa kurejelea wajibu ambao pande zote mbili zinaufahamu. Mkulima asemaye kwamba bei ya nafaka si ya haki, au mpangaji asemaye kwamba mwenye shamba amevunja desturi, anakumbusha makubaliano. Dhana hiyo imetumika sana kwa wakulima. Hapa inatumika kwa askari, kwa kuwa askari naye huingia kazini kwa makubaliano: yeye hutoa mwili na maisha, na mwajiri hutoa mshahara, ulinzi na heshima.

3.0 Uaskari kama Kazi na Ukoo kabla ya 1914

Jeshi la kikoloni la Ujerumani katika Afrika Mashariki lilitokana na kikosi alichokiunda Hermann von Wissmann mwaka 1889 ili kuzima vita vya watu wa pwani vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim. Askari wake wa mwanzo walikuwa watu wa mbali. Wengi waliandikishwa Misri miongoni mwa Wasudani waliowahi kulitumikia jeshi la nchi hiyo, na wengine walitoka Msumbiji. Mwaka 1891 kikosi hicho kilifanywa jeshi rasmi la dola. Vyeo vya askari viliendelea kubeba majina ya asili ya Kituruki na Kimisri: ombasha, shaushi, betshaushi, sol na efendi. Cheo cha efendi kilikuwa cha juu kabisa ambacho Mwafrika angeweza kukifikia, na waliokipata walikuwa wachache sana.

Adam Mohamed, babake Mahjub, alikuwa efendi. Mwanawe alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904. Kuzaliwa katika nyumba ya efendi kulikuwa na maana mahususi katika jamii ya wakati huo. Vituo vya askari, au boma, vilikuwa makazi kamili yenye wake, watoto, watumishi na jamaa. Kiswahili ndicho kilichounganisha watu hao wa asili mbalimbali, na watoto wa kiume walikulia katika amri, ngoma na sare, wakitarajiwa kuingia katika kazi ya baba zao. Kwa hiyo kikosi kilikuwa mwajiri, lakini pia kilikuwa aina ya ukoo, na haki za mtoto ndani yake zilitokana na utumishi wa baba.

Ukoo huo ulijengwa kwa nguvu zilizotumika dhidi ya wengine. Askari ndio waliotumwa kukusanya kodi, kusimamia kazi za lazima na kuteketeza mashamba. Katika Vita vya Maji Maji vya 1905–1907, mbinu ya kuchoma vyakula ilisababisha njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi, na makadirio ya vifo huanzia makumi ya maelfu hadi 300,000. Historia ya Husen haiwezi kutenganishwa na jambo hilo. Heshima aliyoidai baadaye ilikuwa heshima ya jeshi ambalo watu wa kusini mwa koloni walilikumbuka kwa hofu.

4.0 Mtoto katika Vita, 1914–1918

Kabla ya vita Mahjub alikuwa amekwisha kujifunza Kijerumani, na alikuwa akifanya kazi ya ukarani katika kiwanda huko Lindi. Vita vilipoanza Agosti 1914 alikuwa na umri wa miaka 10. Aliingia jeshini pamoja na babake, akawa mwanafunzi wa kikosi cha mawasiliano ya ishara. Kwa vigezo vya leo alikuwa askari mtoto.

Jeshi aliloingia lilikuwa na kompani 14, zenye askari wapatao 2,500 na Wajerumani wasiozidi 300. Lilipofikia ukubwa wake wa juu lilikuwa na askari zaidi ya 11,000. Nyuma yao walikuwako wapagazi waliobeba risasi, chakula na mizigo ya maofisa, na ambao vifo vyao viliwazidi kwa mbali wapiganaji. Kwa upande wa Waingereza pekee, wapagazi waliokufa, wengi wao kwa maradhi na njaa, wanakadiriwa kufikia 95,000. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam linatokana na kambi ya wapagazi hao.

Mwezi Oktoba 1917 vita vilifika karibu na Lindi. Mapigano ya Mahiwa yalikuwa miongoni mwa makali zaidi katika medani yote ya Afrika Mashariki. Waingereza, waliokuwa na vikosi vya Nigeria miongoni mwao, walipoteza zaidi ya watu 2,000 waliouawa na kujeruhiwa. Wajerumani walipoteza zaidi ya 500, idadi ambayo hawakuweza kuifidia. Mahjub alijeruhiwa hapo na kutekwa na Waingereza. Alikuwa na umri wa miaka 13.

Hali ya jeshi aliloliacha inasaidia kuupima utiifu uliosifiwa baadaye. Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, alikuwa amebaki na askari 1,168. Wengine walikuwa wamekufa, wametekwa au wametoroka. Baadhi ya waliotekwa waliingia moja kwa moja katika jeshi la upande wa pili: mwaka 1917 Waingereza waliunda upya batalioni ya sita ya King's African Rifles kwa kuwatumia waliokuwa askari wa Wajerumani. Jambo hilo lisisomwe kama usaliti. Linaonesha kwamba askari waliuona uaskari kuwa kazi yenye masharti, na masharti yalipovunjika walikuwa huru kutafuta mwajiri mwingine. Anayebaki kumdai mwajiri wa kwanza naye anafuata mantiki hiyohiyo kutoka upande mwingine.

5.0 Safari ya Kudai Mshahara, 1929

Mwisho wa vita uliwaacha askari katika hali isiyokuwa na mfano. Mwajiri wao alikuwa ameondoka nchini. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, ambao hawakuwa na wajibu wowote wa kulipa mishahara ya jeshi la adui. Hata kumbukumbu ya vita haikuwahusu. Sanamu la Askari lililozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 liliwekwa kwa heshima ya Waafrika waliotumika upande wa Uingereza. Mahali hapo palikuwa pamesimama sanamu la Wissmann hadi Waingereza walipoliondoa. Askari wa zamani wa Wajerumani aliyepita katika makutano hayo hakukuta alama yoyote ya utumishi wake.

Mahjub alikwenda baharini. Alifanya kazi melini, na kuanzia mwaka 1925 alikuwa mhudumu katika meli za kampuni ya Deutsche Ost-Afrika-Linie. Mwaka 1929 alifika Berlin na kuwasilisha dai la malimbikizo ya mshahara wa vita, lake mwenyewe na la babake. Wizara ya mambo ya nje ya Ujerumani ililikataa kwa hoja kwamba muda wa kuwasilisha madai ulikuwa umepita.

Tukio hili ndilo msingi wa kuelewa yote yaliyofuata, na lina mambo matatu ya kuzingatiwa. Kwanza, dai lilikuwa la vizazi viwili. Mahjub hakwenda kama kijana mwenye njaa ya kusafiri pekee. Alikwenda pia kama mtoto wa efendi anayefuatilia haki ya nyumba yake, kwa kuwa katika jamii ya boma haki ya baba ilikuwa haki ya kaya. Pili, namna dai lilivyokataliwa ina uzito wake. Wizara haikusema kwamba hakupigana, wala kwamba mshahara ulikwisha kulipwa. Ilisema amechelewa. Kwa maneno mengine, deni lilizimwa kwa kalenda, dhidi ya mtu ambaye kati yake na ofisi ya kudai palikuwa na bahari mbili na serikali ya kigeni. Tatu, dai lilikataliwa na Jamhuri ya Weimar, miaka minne kabla ya Hitler kuingia madarakani. Ukweli huu unazuia maelezo mepesi yanayoufanya unazi kuwa chanzo pekee cha kunyimwa haki kwa askari Waafrika. Mlango ulikuwa umekwisha kufungwa kabla.

Hakurudi Dar es Salaam. Alibaki Berlin, na kwa kufanya hivyo aliligeuza dai la mara moja kuwa mwenendo wa maisha.

6.0 Sare bila Nishani, 1930–1939

Katika Berlin Husen aliishi kwa kazi tatu, na zote ziliegemea asili yake na uaskari wake. Alikuwa mhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe kwenye uwanja wa Potsdam. Alikuwa msaidizi wa lugha aliyefundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin, hasa katika madarasa ya Profesa Diedrich Westermann. Na kuanzia mwaka 1934 alikuwa mwigizaji wa filamu. Januari 1933, mwezi uleule ambao Hitler aliteuliwa kuwa Kansela, alifunga ndoa na mwanamke Mjerumani, na familia ikaanza kukua.

Nafasi yake ya chuoni inafaa kuwekwa katika historia pana ya Kiswahili nchini Ujerumani. Miongo mitatu kabla yake, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mwandishi wa Desturi za Wasuaheli, alikuwa amefundisha Kiswahili katika mji huohuo tangu 1900 hadi alipoacha mwaka 1905 kutokana na dharau za wanafunzi. Yeye pia alioa Mjerumani, na alipojaribu kurudi nyumbani na mkewe serikali ya koloni haikuwaruhusu kushuka. Mfanano wa maisha hayo mawili si wa bahati tu. Katika hali zote mbili taasisi ilikihitaji Kiswahili cha mtu, ikamlipa ujira mdogo kwa ajili yake, na kumkatalia hadhi ambayo mwalimu wa Kizungu angeipata kwa kazi hiyohiyo. Waliofundishwa na Husen walijumuisha watumishi wa serikali na wa usalama waliotarajia kwamba siku moja Ujerumani ingerudi Afrika.

Matarajio hayo ndiyo yaliyoifanya sura ya askari iwe na soko. Vyama vya kikoloni vilifanya mikutano na maandamano ya kudai makoloni, na Husen alijitokeza humo akiwa amevaa sare ya askari. Picha zilizosalia zinamwonesha katika sare hiyo akiwa na bendera. Kwa watazamaji alikuwa uthibitisho unaotembea wa simulizi ya askari mwaminifu.

Mwaka 1934 dola ilianzisha Msalaba wa Heshima kwa waliopigana katika Vita Kuu. Nishani hiyo ilitolewa kwa mamilioni ya watu, na aliyeiomba alitakiwa kuthibitisha utumishi wake. Husen aliiomba akiwa mpiganaji wa mstari wa mbele. Alikataliwa. Wenye mamlaka hawakutaka nishani hiyo itolewe kwa watu weusi.

Hapa ndipo kiini cha suala kinapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote katika maisha yake. Mwaka huohuo ambao dola ilimnyima nishani, alionekana katika filamu Die Reiter von Deutsch-Ostafrika iliyoongozwa na Herbert Selpin, inayohusu Vita Kuu katika koloni. Alipigana vita hivyo akiwa mtoto, akajeruhiwa karibu na Lindi, na sasa aliviigiza mbele ya kamera kwa ujira. Jeshi la kuigiza lilimpokea, ilhali jeshi la kumbukumbu halikumtambua. Sare aliruhusiwa kuivaa kwa sababu iliwasaidia waandaaji wa maandamano na filamu. Nishani alinyimwa kwa sababu ingekuwa hati ya deni: ingemaanisha kwamba dola imekiri, kwa muhuri wake, kuwa mtu huyu aliitumikia.

Je, kuvaa sare kwenye mikutano ya kikoloni kulimfanya Husen mshiriki wa propaganda? Alishiriki, na makala haya hayakusudii kumtakasa. Aliitetea heshima ya utawala uliowachapa viboko na kuwanyonga watu wa nchi yake. Hata hivyo, maelezo ya kwamba alihadaika, au kwamba alikuwa mfuata upepo tu, hayatoshi. Mtu anayefuata upepo hapeleki maombi yanayomletea aibu na kuwaudhi wenye mamlaka, tena mara kwa mara. Uaskari ulikuwa lugha pekee ya haki ambayo ofisi za Berlin zingeweza kuisikia kutoka kwake. Hakuweza kudai kama raia kamili, kwa kuwa watu wa makoloni hawakupewa hadhi hiyo. Hakuweza kudai kama mwalimu wa chuo, kwa kuwa alikuwa msaidizi tu. Kama mkongwe wa vita, alikuwa na hoja ambayo itikadi ya wakati huo, iliyomtukuza mpiganaji kuliko watu wote, ilipaswa kuiheshimu. Alijaribu kuishika dola kwa maneno yake yenyewe.

Mwaka 1935 alipoteza kazi Haus Vaterland. Mwaka huohuo Sheria za Nuremberg zilipitishwa, na maelekezo ya utekelezaji yaliyofuata yaliwahusisha pia watu weusi katika marufuku ya ndoa na mahusiano na Wajerumani. Kutoka hapo riziki yake ilitegemea zaidi Kiswahili na kamera.

7.0 Ombi la Mwisho na Kambi, 1939–1944

Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939, Husen alijitolea kuingia katika jeshi la Ujerumani. Alikuwa na miaka 35, na alikwisha kukataliwa mshahara na nishani. Ombi hili nalo lilikataliwa. Waandishi wanaoshikilia simulizi ya utiifu wanaweza kuliona kama kilele cha uaminifu. Likisomwa pamoja na maombi yaliyotangulia, linaonekana kuwa jaribio la kuufufua mkataba. Iwapo dola ilidai kwamba utumishi wa zamani umepitwa na wakati, basi utumishi mpya usingeweza kukataliwa kwa hoja hiyo. Katika mazingira ya wakati ule, sare halisi ilikuwa pia ulinzi wa mtu na familia yake. Kukataliwa kulimaanisha kwamba hapakuwa tena na njia ya kuingia katika mkataba wowote na dola hiyo.

Aliendelea kuigiza. Kwa jumla alishiriki katika filamu zisizopungua 23 kati ya 1934 na 1941. Nafasi yake kubwa zaidi ilikuwa katika Carl Peters, filamu ya mwaka 1941 iliyoongozwa tena na Selpin, ambamo aliigiza Ramasan, kiongozi wa njia na mwandani wa Peters. Carl Peters halisi ni mtu aliyekumbukwa Afrika Mashariki kwa jina la Mkono wa Damu, na aliyefukuzwa utumishi mwaka 1897 kutokana na watu aliowanyonga eneo la Kilimanjaro. Filamu ilimfanya shujaa. Miongoni mwa waliojaza nafasi za Waafrika wasio na majina walikuwamo wafungwa wa vita kutoka vikosi vya Kiafrika vya Ufaransa. Husen, aliyekuwa mfungwa wa vita akiwa na miaka 13, sasa alisimama mbele ya kamera pamoja na askari Waafrika wa jeshi jingine la kikoloni waliokuwa mateka wa Wajerumani.

Katika kipindi cha utengenezaji wa filamu hiyo alikuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani. Alichongewa, na mwaka 1941 akakamatwa na polisi wa siri kwa tuhuma ya kuchafua damu ya taifa. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa Sachsenhausen, kambi iliyoko Oranienburg kaskazini ya Berlin, ambamo zaidi ya watu 200,000 walifungwa kati ya 1936 na 1945. Alikaa humo miaka mitatu na kufariki tarehe 24 Novemba 1944.

Utumishi wake wa vita haukumwokoa, na hili ndilo jibu la mwisho ambalo dola ilimpa. Mamlaka zilizomtumia kwa miaka kumi kama kielelezo cha uhusiano mwema kati ya Mjerumani na askari wake zilimwona, mara tu alipotuhumiwa, kuwa mtu mweusi asiye na historia.

8.0 Deni Baada ya Kifo

Suala la malipo ya askari halikuisha na Husen. Lettow-Vorbeck alipotembelea Dar es Salaam mwaka 1953, askari wazee walijitokeza kumlaki, na mapokezi hayo yalielezwa tena kama ushahidi wa utiifu. Alifariki Machi 1964, na mwaka huo Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari waliokuwa bado hai. Kuna kisa kinachosimuliwa mara nyingi, na kilichoenezwa na kitabu cha Charles Miller cha mwaka 1974, kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza. Wachache tu walikuwa na hati. Waliobaki walipewa ufagio badala ya bunduki na kuamriwa kwa Kijerumani wafanye gwaride, na hakuna aliyeshindwa.

Kisa hicho kina sura ya ngano, na hakiwezi kubeba uzito wa ushahidi wa moja kwa moja. Namna kinavyosimuliwa, hata hivyo, inafundisha. Kwa kawaida huhitimishwa kwa mshangao kuhusu jinsi askari walivyokumbuka amri za Kijerumani baada ya karibu nusu karne. Mara chache huulizwa kwa nini walifika. Walifika kulipwa. Mwili uliokumbuka gwaride ulikuwa cheti cha mtu aliyekwisha kupoteza karatasi. Wazee wa Mwanza na Husen wa Berlin walifanya jambo moja: waliutumia uaskari wao kama hati ya madai. Tofauti ni kwamba dai la Husen lilifika mapema mno kwa dola isiyotaka kulipa, ingawa dola yenyewe ilisema limechelewa.

Kumbukumbu ya Husen imeanza kurejeshwa katika karne hii. Mwaka 2007 jiwe dogo la kumbukumbu, la aina inayowekwa mbele ya makazi ya wahanga wa unazi, liliwekwa katika mtaa wa Brunnenstraße jijini Berlin. Filamu ya kumbukumbu ya Eva Knopf, Majubs Reise, ilitolewa mwaka 2013. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Afterlives (2020), inamwonesha Ilyas, askari wa pwani ambaye mwisho wake katika Sachsenhausen unafanana sana na wa Husen. Kazi hizi zimemrudishia jina. Zinamweka zaidi, hata hivyo, katika orodha ya wahanga wa unazi. Hadhi hiyo ni ya kweli, lakini haigusi dai alilolileta Berlin, ambalo lilihusu ukoloni na lilikataliwa kabla ya unazi kutawala.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba mafungamano ya Mahjub bin Adam Mohamed na jeshi la kikoloni la Ujerumani yalidumu kwa sababu yalikuwa hayajakamilishwa. Mshahara wa 1929, nishani ya 1934 na ombi la 1939 ni madai yanayofuatana, na kila moja lilirejelea utumishi uleule. Dola, kwa upande wake, ilitenganisha mambo mawili ambayo kwake yalikuwa kitu kimoja: ilichukua sura ya askari na kukana haki za askari. Kinachoitwa utiifu katika maandishi ya kikoloni kilikuwa, kwa sehemu kubwa, subira ya mdai.

Matokeo haya yana maana kwa utafiti wa askari wa zamani katika Afrika Mashariki kwa jumla, wakiwamo wale wa King's African Rifles waliorudi kutoka Burma baada ya 1945. Mikusanyiko yao, sare walizozihifadhi na nyimbo za kikosi zinafaa kusomwa pamoja na barua zao za kudai pensheni, kwa kuwa mara nyingi ni sehemu za hoja moja. Utafiti unaoishia kwenye hisia za askari huikosa hoja hiyo na, bila kukusudia, hurudia lugha ya waliowaajiri.

Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Mahjub alipelekwa Sachsenhausen miaka 12 baada ya kuambiwa kwamba dai lake limechelewa, na katika muda wote huo hakuna ofisi iliyowahi kumwambia kwamba halikuwa la kweli.